Moyo umetengenezwa, kazi ndiyo imenishinda: maswali kuhusu mafao ya ulemavu kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Nilikuwa karani wa mishahara kwenye kampuni moja ya mbao upande wa Mafinga. Fomu za mafao za wenzangu nimezijaza nyingi mno, za uzazi, za mazishi, za kustaafu. Kisha ikawa zamu yangu. Nilibadilishiwa valvu moja ya moyo Dar es Salaam, nikarudi, nikajaza fomu yangu mwenyewe kwa mbwembwe zote za ukarani, na ikarudishwa. Tangu siku hiyo watu wa Uyole, Mbalizi, Makambako mpaka Ipogolo hunipigia simu, na maswali ni yaleyale. Haya hapa. Yanahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar wana utaratibu wao.

Nimepasuliwa moyo. Si tayari nahesabika mlemavu wa kulipwa?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapokwama. Mfuko wa hifadhi ya jamii haulipi upasuaji, wala haulipi kovu la kifuani, hata likiwa refu namna gani. Kwa mwanachama wa NSSF, pensheni ya ulemavu hutolewa kwa mtu ambaye hajafikia umri wa kustaafu na amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Anayethibitisha hilo ni bodi ya madaktari. Si wewe, si mwajiri, wala si daktari aliyekupasua.

Sasa fikiria watu wawili waliolazwa vitanda vya jirani, wote wamewekewa valvu. Mmoja anapiga hesabu dukani Mwanjelwa, mwingine anapakia magogo Sao Hill. Upasuaji ni uleule, lakini wa kwanza anaweza kurudi kwenye kiti chake baada ya miezi mitatu na maisha yakaendelea. Wa pili huenda asishike gogo tena mpaka anakufa. Kinachopimwa ni hicho.

Nami niseme wazi: watu wengi hurudi kazini baada ya upasuaji wa moyo, na ndilo kusudi lake. Ukiweza kurudi, rudi. Pensheni si mshahara.

Niende mfuko upi?

Angalia salari slipu yako, makato yanakwenda wapi. Sekta binafsi na waliojiajiri wanaochangia kwa hiari ni NSSF. Watumishi wa umma ni PSSSF, mfuko ulioanza kazi Agosti 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kwa hiyo mwalimu wa Rungwe mwenye kadi ya zamani ya LAPF asihangaike, michango yake ilihamia huko.

Tofauti moja ya kivitendo: mtumishi wa umma anaanzia kwa mwajiri wake. Unamwandikia mkurugenzi au mkuu wa taasisi, ofisi ya utumishi ndiyo inayoomba bodi ya madaktari ikupime, na unastaafishwa kwa ugonjwa. Ukienda mwenyewe dirishani bila hiyo barua utaambiwa urudi, nauli ya Tukuyu imekwenda hivyo.

WCF, wa fidia kwa wanaoumia kazini, ni mfuko wa tatu, nitaufikia mbele.

Nina michango ya kutosha?

Kwa NSSF kuna milango miwili. Wa kwanza ni kuwa na michango ya miezi 180, yaani miaka kumi na mitano. Wa pili ni kwa wenye michango pungufu: angalau miezi 36, na kati ya hiyo miezi 12 iwe ile iliyotangulia moja kwa moja kabla ya ulemavu kuanza.

Hiyo miezi 12 ya mwisho ndiyo inayoua watu. Kijana amefanya kazi miaka sita, moyo umeanza kumsumbua, akasimama kazi mwaka mzima akitumia dawa za kienyeji na maombi, halafu ndipo akapelekwa kupasuliwa. Akija kuomba anahesabiwa kuanzia tarehe ya upasuaji, na miezi 12 ya nyuma yake ni mitupu. Kumbe uwezo wa kufanya kazi ulikwisha mwaka uliotangulia, alipokuwa bado anachangia. Ndiyo maana nasisitiza: mwombe daktari aandike tarehe uliyoanza kushindwa kazi kwa mujibu wa faili lako, asiandike tarehe ya upasuaji peke yake. Kama ulilazwa Ilembula au Ikonda mwaka wa nyuma kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, karatasi ile ni dhahabu, itafute.

Jambo la pili, chukua taarifa ya michango kabla hujafanya lolote. Kukatwa ni kitu kimoja na michango kufika ni kitu kingine. Nimekuwa karani, najua ninachosema. Ukiona miezi imeruka, usigombane na mtu. Beba salari slipu za miezi hiyo upeleke ofisi ya mfuko. Mwajiri anayekata asipeleke anavunja sheria, na mfuko ndio wenye meno ya kumdai, si wewe.

Sikufikisha hata miezi 36. Ndiyo basi?

Hupati pensheni ya kila mwezi, lakini michango yako haipotei. Uliza malipo ya mkupuo, na udai hesabu yake kwa maandishi.

Mwajiri ananishauri niandike barua ya kuacha kazi "ili mambo yaende haraka".

Usiandike. Narudia, shangazi yangu, mjomba, yeyote unayesoma: usiandike.

Barua ya kuacha kazi inasema umeondoka kwa hiari yako. Kwa kalamu yako mwenyewe umefuta hoja kwamba ugonjwa ndio uliokutoa. Tena unajiziba mlango mwingine: fao la kukosa ajira, ambalo humlipa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, haliwahusu walioacha kazi wenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa ugonjwa, akae naye, aangalie ripoti ya daktari, na atafute kama kuna kazi nyepesi anayoweza kupewa. Akikuachisha bila hayo, una siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 ni chache sana kwa mtu anayetembea ameshika kifua, kwa hiyo mtume ndugu akuchukulie fomu siku ileile.

Kwa hiyo wakati nasubiri naishi kwa nini?

Sheria hiyohiyo inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ni kama miezi minne na siku kadhaa. Zinahitaji cheti cha daktari, na zinahesabiwa pamoja na zile ulizougua kabla ya upasuaji. Wengi wamezitumia robo yake kwa homa na kulazwa kabla hata hawajapanda basi la Dar.

Panga fedha kwa kujua kwamba mshahara utapungua mwezi wa tatu, wakati ambao ndipo na nauli za kliniki zinapopamba moto.

Niombe lini hasa?

Mfupa wa kifua uliokatwa huunga kwa wiki sita hadi nane, na kubeba vizito huzuiwa kwa muda unaokaribia miezi mitatu. Ukienda mbele ya bodi wiki ya tano, wataona mtu ambaye bado anapona, na jibu litakuwa rudi baadaye. Bodi inataka kujua kilichobaki baada ya kupona. Kwa hiyo fomu ipeleke pale daktari wa moyo anapokuwa tayari kuandika kwamba hapa alipofika mgonjwa hategemewi kupanda zaidi.

Karatasi ni jambo jingine, hizo anza kukusanya ukiwa bado wodini. Kurudi Dar kufuata karatasi moja iliyosahaulika ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya mjini, kwenda tu. Nimelipa hiyo nauli, sitaki uilipe.

Karatasi zipi?

Za kawaida unazijua: fomu ya mfuko, kitambulisho cha NIDA, picha, kadi ya uanachama, mkataba au barua ya ajira, salari slipu, namba ya akaunti ya benki iliyo hai kwa jina linalofanana herufi kwa herufi na la NIDA. Hilo la majina lisikuponyoke. Ukiwa Mwakyembe kwenye kitambulisho na Mwakiembe benki, utazunguka.

Za hospitali: karatasi ya kuruhusiwa, maelezo ya upasuaji, majibu ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kabla na ya baada, kadi ya kliniki yenye tarehe zote, na majibu ya damu kama unatumia dawa ya kuzuia damu isigande.

Halafu kuna ripoti ya daktari, na hapa naomba ukae chini.

Karatasi ya kuruhusiwa huandikwa na timu ya upasuaji, na kazi yake ni kueleza upasuaji umekwendaje. Kwa kawaida inamalizika na maneno kama "hali ya mgonjwa ni nzuri, ameruhusiwa". Maana yake kidonda ni kikavu, hana homa, presha imetulia. Karani wa madai akiisoma anaona mtu aliyepona kabisa. Mimi nilipeleka hiyo peke yake, nikidhani jina la hospitali kubwa na picha ya valvu ya chuma vitanisemea. Havikusema kitu.

Unachohitaji ni ripoti ya pili, inayojibu: mtu huyu anaweza nini na hawezi nini? Kuna vipimo viwili ambavyo madaktari wa bodi wanavitafuta kwa macho. Kimoja ni asilimia ya damu ambayo moyo unasukuma kwa kila pigo, inayotoka kwenye eko. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama 50 hadi 70. Cha pili ni daraja la kushindwa pumzi, la kwanza mpaka la nne: la kwanza hakuna shida, la pili unachoka kwa kazi ya kawaida, la tatu hata shughuli ndogo inakukata pumzi, la nne unahema ukiwa umekaa. Mwombe daktari aandike vyote viwili kwa namba, kisha aongeze mistari ya maisha: kubeba kilo ngapi, kutembea umbali gani, kusimama muda gani.

Tena mkumbushe unakoishi. Dar iko usawa wa bahari na korido za hospitali ni tambarare. Ukipimwa huko utaandikwa "anatembea bila shida", na ni kweli. Mbeya iko mita 1,700 hivi, Njombe inakaribia 2,000, na hakuna wa Iringa asiyekijua kile kipande cha kutoka Ipogolo kupanda mjini. Mtu huyohuyo akitembea kwao anasimama mara nne. Mweleze daktari, aandike.

Kama kliniki yako imehamishiwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya mkoa Iringa, daktari anayekuona kila mwezi huko anaweza kukuandikia vizuri kuliko bingwa aliyekuona mara mbili. Ripoti ya eko ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iambatishwe tu.

Barua ya mwajiri inatakiwa iseme nini?

Iseme kazi uliyokuwa unaifanya, siyo cheo. Yangu iliandikwa "karani". Anayesoma anamwona mtu ametulia mezani na kikombe cha chai. Kumbe karani wa kampuni ya mbao anapanda juu ya marundo kuhesabu vipande, anakwenda shambani kwenye matope siku ya malipo, anabeba masanduku ya vitabu. Nilimrudia afisa utumishi, akaandika upya shughuli moja moja na saa zake. Barua ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu, ya pili ukurasa mzima, na ya pili ndiyo iliyosikilizwa.

Mchuma chai wa Mufindi aandikiwe anachuma kilo ngapi kwa siku na anatembea wapi na kikapu. Utingo aandikiwe anafunga turubai juu ya lori Tunduma usiku.

Natumia dawa ya kuzuia damu isigande maisha yangu yote. Hiyo si ulemavu tosha?

Peke yake hapana. Watu wengi wenye valvu ya chuma wanameza warfarini na wanafanya kazi. Lakini dawa hiyo inabadilisha *aina* ya kazi. Mtu ambaye damu yake haigandi haraka hatakiwi kushika chenso, kuendesha bodaboda kwenye barabara ya vumbi, wala kuchinja ng'ombe. Kama hizo ndizo kazi zako, mwombe daktari aandike katazo hilo waziwazi. Mstari mmoja wa namna hiyo umewasaidia watu wawili ninaowafahamu kuliko eko zao.

Na kwa wanaouliza kuhusu chakula wakiwa kwenye dawa hiyo: mboga za majani usiache, kula kiasi kilekile kila wiki. Ukipiga chainizi wiki nzima halafu mwezi ukaacha, vipimo vinayumba.

Niligongwa na gogo kifuani kazini, ndiyo moyo ukaharibika.

Hapo ndipo WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ulianza Julai 2015, na anayechangia ni mwajiri peke yake. Unalipa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri mara moja, na dai lisivuke miezi 12. Tafuta mashahidi kabla hawajahamia kambi nyingine.

Lakini moyo ulioharibika kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na kuumwa koo lisilotibiwa, au kwa presha ya miaka, hauingii huku. Usipoteze miezi ukijaribu kuulazimisha uingie.

Mimi nalima viazi Uporoto, sijawahi kuchangia mfuko wowote.

Nitakuwa mkweli, dada: Bara hatuna posho ya kila mwezi ya serikali anayopewa kila mtu mwenye ulemavu. Kuna vipande vipande. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF unaangalia kaya, na majina hupitia mkutano wa kijiji au mtaa, kwa hiyo hudhuria, na mwenyekiti ajue hali yako kabla ya siku ya mkutano. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024. Ni mkopo, utarudishwa. Kwa gharama za dawa na kliniki, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla bili haijakua, siyo baada.

Kama bado una nguvu kidogo, na una mtoto anayeendesha bodaboda au anauza Soweto, mwambie yeye aanze kuchangia kwa hiari sasa.

Bodi imekataa.

Dai sababu kwa maandishi. Mara nyingi utakuta ni moja ya mambo matatu: michango, hali "haijatulia", au ripoti isiyosema unashindwa nini. La kwanza linatibiwa na salari slipu, la pili na muda, la tatu na daktari. Andika barua ya kuomba upitiwe upya ukiambatisha kitu *kipya*. Kurudisha karatasi zilezile kwa hasira hakusaidii.

Nikipata pensheni nikafungua genge la nyanya, watanikata?

Pensheni hii ni ya uwezo uliopotea, na unaweza kuitwa kupimwa tena. Ukipona, inaweza kusimama. Ukikataa kupimwa, hali kadhalika. Genge ambalo mkeo anasimamia na wewe unakaa kwenye kigoda si kupona. Kuendesha lori la mizigo ni kupona. Ukiulizwa, sema kweli.

Kuna mtu stendi ya Nane Nane anasema ana ndugu ndani, anataka laki tatu.

Kishoka huyo. Fomu ni bure.

Siku ya bodi niende na nani, niseme nini?

Fika mjini siku moja kabla, hasa ukitoka Makete au Ludewa, maana safari peke yake inavimbisha miguu. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, na karatasi halisi pamoja na nakala.

Kuhusu kusema: shida yetu ni adabu. Daktari anauliza "Habari yako mzee?" unajibu "Nzuri, tunamshukuru Mungu." "Unaendeleaje?" "Sijambo kabisa." Tumelelewa hivyo, "kamwene", salamu ya kwetu, haijibiwi kwa orodha ya maradhi. Lakini ndani ya chumba kile salamu na swali la kitabibu vinafanana sana, na kalamu iko mkononi mwake. Salimia, kisha useme: naomba nieleze hali yangu. Eleza siku moja ya jana, tangu ulipoamka. Usiongeze chumvi, wana vipimo vyako mezani.

Nenda na anayeishi nawe. Mimi niliingia na mama watoto. Daktari akaniuliza kama asubuhi navaa mwenyewe, nikajibu haraka, ndiyo, navaa. Mke wangu akakohoa kidogo, akasema kwa upole, "Daktari, shati anavaa. Viatu namfunga mimi, akiinama anakosa pumzi." Daktari akainama akatazama viatu vyangu, akaandika.